Elimu ya Kuvuta Boti Barabarani
Sehemu ya Pili: Mizani ya Tela

Katika sehemu ya kwanza ya makala hii tulizungumza juu ya kuchagua tela lenye nguvu ya kutosha kuchukua boti, na juu ya magurudumu yake na upepo wake. Leo twaingia katika jambo ambalo wenye boti wengi hulipita upesi, kwa kudhani kwamba madhali tela limefungwa barabara nyuma ya gari, na boti imekazwa kwa kamba, basi kazi imekwisha. Jambo lenyewe ni mizani: katika uzito wote ulio juu ya tela, kiasi gani kibebwe na magurudumu yake, na kiasi gani kilale juu ya tufe la chuma lililo nyuma ya gari linalovuta.

Watu wa pwani hawana haja ya kuambiwa kwamba chombo hupakiwa kwa hesabu. Nahodha huitazama shehena na farumi zilivyokaa ngamani kabla ya kutweka tanga, kwa kuwa chombo kilichozidi uzito omoni huyachimba mawimbi, na kilicholemewa tezini huinua kichwa. Lakini elimu hiyo, kwa ubora wake wote, hukoma pale boti inapotoka majini. Boti ya faiba ya siku hizi imeundwa ili ibebe mashine yake tezini, na maji ndiyo yanayoipokea huko nyuma na kuishikilia. Barabarani hapana maji, ipo ekseli tu, na kila kizito kilicho nyuma ya ekseli hiyo huinyanyua sehemu ya mbele ya tela. Kwa hivyo boti iliyo sawa kabisa majini yaweza kuwa na kombo la hatari juu ya lami, ilhali mwenyewe haoni dalili yoyote maadamu gari limesimama.

Sababu yake ni hii. Tela huzunguka katika nukta moja tu, nayo ni pale kinywa chake kinapolishika tufe. Likisukumwa ubavuni na upepo, au na basi linalopita kwa kasi, mkia wake huenda upande, na magurudumu, kwa kukatalia kuburutwa kimshazari, hulirudisha mahali pake. Ikiwa uzito mwingi umekaa mbele ya ekseli, kazi hiyo ya kulirudisha huwa nyepesi, na yumbo hufa lenyewe baada ya kwenda na kurudi kidogo. Bali ukikaa nyuma ya ekseli, mkia hupata nguvu ya kuyashinda magurudumu, na kila yumbo huzaa jingine. Mwendo nao una hukumu yake, kwa kuwa kadiri kasi inavyozidi ndivyo utulivu unavyopungua, hata tela lililotulia katika kilomita 50 kwa saa likaasi katika 80. Fauka ya hayo, mkono wa tela ukiwa mwepesi kupita kiasi hulivuta tufe kwenda juu, ukayapunguzia magurudumu ya nyuma ya gari uwezo wa kushika njia. Na ukiwa mzito mno huikandamiza nyuma ya gari, usukani ukawa mwepesi na taa zikamulika vilele vya miti.

Je, kipimo cha wastani ni kipi? Mafundi wa Marekani aghalabu hutaka mkono wa tela la kawaida ulemee tufe kwa 10 hadi 15 katika kila 100 ya uzito wote, na kwa tela la boti huridhika na 5 hadi 10. Waingereza, wanaovuta nyumba za magurudumu kwa magari madogo, hushika 5 hadi 7. Tukichukua 7 au 8 kwa boti hatutakuwa mbali na usalama, ila sharti tusome kwanza kitabu cha gari, kwani kila gari lina upeo wa uzito linaoruhusiwa kubeba juu ya tufe lake, na upeo huo haukiukwi hata kama mizani ya tela inadai zaidi.

Natuchukue mfano. Boti ya mita 6, pamoja na mashine, petroli na zana zake, ina kilo 850. Tela lenyewe lina kilo 350. Jumla ni kilo 1,200. Kutoka tufe hadi ekseli ni mita 4, na kitovu cha uzito wote kiko sentimita 30 mbele ya ekseli. Zidisha 1,200 kwa 0.3, kisha ugawe kwa 4: utapata kilo 90, yaani 7 na nusu katika 100. Hapo tela liko sawa. Sasa mvua ya usiku mmoja na iache lita 60 za maji ndani ya boti, yakajikusanya mita 2 nyuma ya ekseli: mkono utapoteza kilo 30, ubaki na 60, nao ni pungufu ya 5 katika 100. Ndiyo maana boti ikipanda juu ya tela hung'olewa nguruzi, maji yatoke yote, nayo isirudishwe mpaka siku ya kushusha.

Kupima si taklifu kubwa, wala hakutaki mizani ya bandarini. Mizani ya kujipimia watu yatosha. Chagua mahali palipo tambarare, uyatie magurudumu ya tela kabari. Weka tofali upande mmoja na mizani upande wa pili, kwa masafa ya sentimita 90 kati yao, na juu yao ulaze ubao mnene. Kisha ushushe mkono wa tela juu ya ubao kwa kigogo, sentimita 30 kutoka kwenye tofali na 60 kutoka kwenye mizani, kinywa kikiwa katika kimo kile kile cha tufe la gari. Mizani itaonyesha thuluthi ya uzito, kwa hivyo tarakimu utakayoisoma uizidishe kwa 3, baada ya kutoa ile iliyosomeka kwa ubao na kigogo vitupu.

Ukikuta mkono ni mwepesi, dawa ya kwanza ni kuisogeza boti mbele, pamoja na nguzo ya winchi inayoizuia omo. Katika mfano wetu, sentimita 10 tu huongeza kilo 21. Ikiwa omo itakaribia mno gari hata iligonge kwenye kona kali, basi afadhali ekseli irudishwe nyuma. Na fundi akishalegeza bolti zake, apime kutoka kinywa cha tela hadi ncha ya kulia ya ekseli na hadi ncha ya kushoto, vipimo viwe sawasawa, la sivyo tela litakwenda upogo na kula matairi. Mkono ukiwa mzito, ekseli isogezwe mbele, wala boti isirudishwe nyuma hata tezi yenye mashine ikaning'inia nje ya mbao za kulalia, kwa sababu faiba huweza kupinda pale.

Iko dawa nyingine ambayo wengi huikimbilia, nayo ni kurundika nanga na minyororo omoni ili kushindana na uzito wa mashine. Mizani itaridhika, lakini tela halitaridhika. Kitu kizito kilicho mbali na ekseli hukaidi kutulizwa kikishaanza kuyumba, na ukaidi huo hukua kwa mraba wa umbali: nanga iliyowekwa mita 3 kutoka kwenye ekseli ina ukaidi mara 9 ya nanga hiyo hiyo ikiwekwa mita 1. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, waliochunguza matela ya nyumba, walikuta kwamba namna uzito ulivyotawanywa ni miongoni mwa mambo makubwa yanayoamua utulivu. Basi nanga, betri na madumu yakae chini, karibu na ekseli, mbele yake kidogo, wala yasilemee ubavu mmoja.

Na lau tela likayumba hata hivyo, kama iwezavyo kutokea katika mteremko wa Limuru kwenda Mai Mahiu kwa wapelekao boti Naivasha, au Sekenke kwa waendao Mwanza, dereva auache mguu wa mafuta taratibu, aushike usukani pasipo kushindana na yumbo, asikanyage breki kwa nguvu wala asitafute salama kwa kuongeza mwendo. Likishatulia, asimame pembeni aupange upya mzigo kabla ya kuendelea, kwani kosa lililolifanya liyumbe bado limo ndani ya boti. Katika sehemu ya tatu, inshallah, tutazungumza juu ya breki za tela, na juu ya yale ambayo maji ya chumvi huzitenda beringi za magurudumu.