Mtoto Aliyebaki Kwenye Benchi

Vakansi kubwa ikifika, wengi wetu tunafurahi mtoto akivaa jezi ya kanisa na kwenda kucheza ligi. Kuliko azurure barabarani, afadhali awe uwanjani na mlezi anayemjua. Mama anauza nyanya zake Virunga, roho imetulia. Katika mji huu wetu, baada ya yote tuliyoyapitia, utulivu huo si kitu kidogo.

Lakini mama mmoja wa kundi letu alituletea neno ambalo limetukaa rohoni. Binti yake ana miaka 11, ametoka kumaliza mwaka wa tano. Aliingia katika ekipe ya wasichana ya kanisa lao. Hakukosa mazoezi hata siku moja. Ijumaa jioni alikuwa anafua jezi yake mwenyewe na kuilinda isiibiwe kwenye kamba. Kila machi alikaa kwenye benchi. Kocha alimwambia: « Wewe utuombee. »

Siku ya mwisho kocha aliwakusanya watoto, wakashikana mikono, akawaambia kwamba Mungu huwapa ushindi wale wanaoomba kwa imani. Wakafungwa mabao mawili. Usiku binti akakataa kula. Mama alipombembeleza, mtoto akasema: « Wenzangu kazi yao ilikuwa kucheza. Mimi kazi yangu ilikuwa kuomba. Kama tumeshindwa, ni mimi. »

Sisi walimu tumezoea kusikia mtoto akilia kwa sababu ya baloni. Huyu hakulilia baloni. Alifikiri Mungu amemsikiliza na kumkatalia, na kwamba wenzake kumi na mmoja wamepata haya kwa ajili yake. Mtoto wa umri huo huchukua maneno ya mkubwa jinsi yalivyo. Ukimwambia sala inaleta mabao, ataenda kuhesabu mabao.

Kocha si mtu mbaya. Ni kijana anayejitolea bila mshahara, anayefundisha watoto juu ya makoro ambako hata mtu mzima akianguka hutoka na magoti yamechunika. Anatamani kombe, na nani hatamani? Ila tunapaswa kumuuliza kombe hilo ni la nani.

Turudi nyuma kidogo. Mpira wa kikapu ulitungwa mwaka 1891 huko Springfield, Marekani, katika shule ya chama cha vijana Wakristo, YMCA. Mwalimu James Naismith alikuwa na darasa la vijana wasiotulia wakati wa baridi kali, akatafuta mchezo wa ndani. Wanafunzi wake walikuwa 18. Alifanya nini? Aliweka tisa upande huu na tisa upande ule. Hakuna aliyebaki kuangalia. Kwetu Kongo, Padri Raphaël de la Kethulle, yule Tata Raphaël ambaye uwanja wa Kinshasa una jina lake (wababa watawakumbusha kwamba ndipo Ali alimpiga Foreman mwaka 1974), aliwakusanya watoto wa shule kwa michezo, na ekipe ya Daring aliianzisha mwaka 1936. Wote wawili walianza na wale waliokuwa mbele yao, wazuri na wabovu wa mpira pamoja.

Na kocha asituambie kwamba sheria inambana. Sheria za mpira wa miguu zinaruhusu, katika mpira wa watoto na vijana, mchezaji aliyetolewa arudi tena uwanjani, kama shirikisho la nchi likikubali. Kwa wakubwa wa mashindano makubwa akitoka ametoka. Kwa watoto, basi, wasimamizi wa ligi wakikubaliana, anaweza kuingiza wote, mmoja dakika kumi, mwingine dakika kumi.

Ndiyo maana wamama wanne wa kundi letu walimfuata kocha baada ya ibada, kwa heshima, bila kelele, na mama wa binti hakutajwa. Walimwomba mambo mawili: kila mtoto anayekuja mazoezini acheze walau nusu ya kipindi, na katika sala kabla ya machi watoto waombe wasiumie, wao pamoja na wale wa upande wa pili. La pili alilikubali palepale. La kwanza lilimchukua wiki nzima, na alisema wazi kwamba tutafungwa zaidi.

Tumefungwa kweli, mara mbili mfululizo. Binti ameingia mara zote mbili, beki wa kushoto. Jumamosi iliyopita alirudi na goti limechubuka, akaomba chakula kabla hajavua viatu. Machi ijayo ni saa tatu asubuhi. Atakayeweza aje na bidoni moja ya maji safi ya kunywa na sabuni ya kuosha vidonda.