Kobe wa Majabali

Msafiri atokaye Singida kwenda Nzega hupita Iguguno, wilayani Mkalama. Bahari iko mbali mno na hapa, na kasa hafiki. Lakini nyanda hizi za kati, zenye majabali na vichaka, zina jamaa yake wa nchi kavu: kobe bapa, ambaye kitaalamu huitwa Malacochersus tornieri. Duniani kote, porini hupatikana Kenya, Tanzania na sehemu ndogo ya Zambia tu.

Kobe wengi hubeba gamba zito, lililotuna mgongoni. Huyu ni bapa kama chapati, na urefu wake hauzidi sentimita 18 hivi. Mifupa ya gamba lake ni myembamba, ina matundu makubwa, ndiyo maana hubonyea ukimshika. Gamba la namna hiyo si ngao. Kinga yake ni mbio: akishtuka hajikunyati, hutimka na kupenya kwenye ufa wa mwamba. Zamani ilidhaniwa kwamba humo ndani hujijaza hewa ili asitolewe. Uchunguzi ulionyesha kuwa hukaza tu miguu na kucha zake dhidi ya jiwe.

Kwa uzazi, kobe huyu na kasa wanatofautiana kabisa. Kasa wa kijani, anayetaga kwenye fukwe za Mafia, hufukia mayai mia moja au zaidi kwa mkupuo, kwani wengi wa wanawe wataliwa. Kobe bapa kwa kawaida hutaga yai moja kila mara, nalo hukaa ardhini miezi kadhaa. Hata hivyo wote wanategemea jambo moja: mama aishi miaka mingi, arudie kutaga. Ukiondoa jike mpevu, umeondoa na mayai yote ambayo angetaga.

Biashara ya wanyama wa kufugwa majumbani ilimuumiza kobe bapa katika jambo hilo hilo. Maelfu walisafirishwa ng'ambo, na wasakaji walivunja mawe ili kuwatoa. Ufa ukibomolewa haujirudishi, hata kobe wakiachwa. Mwaka 2019 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilipiga marufuku biashara ya kimataifa ya kobe hawa wanaokamatwa porini.

Marufuku ya mipakani hailindi mwamba wa kijijini. Anayepasua kokoto ayaache majabali yenye nyufa wanamoishi kobe, na anayeona watu wakiwakusanya atoe taarifa mapema kwa ofisa wanyamapori wa wilaya.