Mbuga Ilimwe Kabla ya Mvua: Daftari la Trekta na Madeni ya Chama



Katika kukagua vitabu vya vyama vya msingi vya wakulima wa pamba, nimekuta mara nyingi kurasa za madeni zinazofanana. Wanachama wenye mashamba ya luseni, yaani udongo wa kichanga wa miinukoni, wamelipa mkopo wa pembejeo. Wenzao wa mbugani hawakulipa. Sababu iliyoandikwa pembeni ni "mvua mbaya". Chama kimoja kilikuwa na daftari la trekta lililotunzwa vizuri, nikalilinganisha na leja. Trekta ilianza kwa watu wa luseni waliokuwa karibu na barabara, ikafika mbugani wiki ya tatu baada ya mvua kuanza. Mvua ilikuwa moja kwa wote. Kilichotofautiana ni tarehe ya kulima.

Mimi ni mkaguzi wa hesabu, si bwana shamba. Hata hivyo deni lenye asili yake shambani halieleweki kwa kusoma leja peke yake.

Udongo mweusi wa mbuga ni mfinyanzi wa aina inayovimba ikilowa na kusinyaa ikikauka, ndiyo maana kiangazi hupasuka nyufa pana zinazoweza kuimeza fimbo ya mchungaji. Weusi wake huwadanganya wengi wakadhani umejaa mboji. Kwa kawaida mboji yake ni kidogo, na naitrojeni nayo huupungukia. Sifa yake kubwa ni kushika maji. Lakini muda wake wa kulimika ni mfupi mno: ukikauka ni jiwe, ukilowa ni gundi, na kati ya hali hizo mbili ni siku chache tu.

Plau ikipita katika mbuga iliyolowa, hupaka udongo kama mwashi apakavyo ukuta. Vitundu vya kupitishia hewa na maji huzibwa, na magurudumu ya trekta hushindilia tabaka la chini. Jua likitoka, mabonge hukauka yakawa matofali. Mzizi mkuu wa pamba, ambao hupaswa kushuka chini sana, hugonga tabaka lile ukapinda kando. Ukame mfupi wa Januari au Februari ukija, mmea hunyauka ilhali maji yangalipo chini yake.

Mwanachama anaweza kujipimia mwenyewe. Achimbe kina cha kiganja, atwae donge, alifikiche kati ya viganja kama anayesokota kamba. Likitoa uzi mrefu mwembamba usiokatika, ng'ombe na warudi zizini. Likikatika na kumomonyoka, alime. Vilevile atazame tuta la kwanza lililopinduliwa: likimetameta kama chungu kilichosuguliwa, asimamishe kazi.

Njia iliyo bora ni kutoisubiri mvua kabisa. Masalia ya pamba yang'olewe na kuchomwa mara baada ya mavuno, kama kanuni inavyotaka, na shamba lilimwe hapo hapo, udongo ungali na unyevu kidogo. Mabonge makubwa yasimtie mtu hofu wala yasipondwe kwa nyundo. Mvua ndogo za mwanzo huyalowesha, jua huyakausha, nayo hupasuka yenyewe yakawa chembechembe; kuvimba na kusinyaa kule kule kunakotusumbua hapa hutufanyia kazi ya haro bila malipo. Watafiti wa ICRISAT huko Patancheru, India, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972, waliusisitiza utaratibu huu kwa udongo mweusi wa nchi yao, pamoja na matuta mapana ya mita moja na nusu yenye mifereji kati yake.

Kuhusu matuta, wengi wetu tumekosea kwa nia njema. Matuta ya kufungwa, yaliyofanyiwa majaribio Ukiriguru tangu enzi za ukoloni, yanafaa sana luseni, ambako maji hukimbia. Mbugani shida ni kinyume chake. Ukifunga matuta kule, mvua kubwa hugeuza shamba kuwa bwawa na mizizi hukosa hewa. Mifereji iachwe wazi, ielekee mteremko mdogo, na iishie penye nyasi ili isichimbe korongo.

Wapo wanaopendekeza kumwaga mchanga. Hebu tufanye hesabu: hekta moja kwa kina cha sentimita 20 ni meta za ujazo 2,000 za udongo, zaidi ya tani 2,000. Mchanga wa kuubadili kweli kweli hauchukuliki kwa mkokoteni, wala hakuna chama kitakachoukopesha. Jasi nayo husaidia pale tu udongo wenye chumvichumvi ya sodiamu umethibitishwa kwa kipimo. Samadi iliyooza ndiyo hulainisha mbuga mwaka hadi mwaka, na mazizi yetu yanayo. Isambazwe kabla ya kulima, tani tano au zaidi kwa hekta, kwa kuanzia ekari moja kama haitoshi shamba zima.

Sasa kazi ya Katibu. Daftari la trekta liwe na safu ya aina ya udongo, na orodha ziwe mbili. Wanachama wa mbuga watangulie, mara baada ya mavuno. Wa luseni wafuate mvua zinapokaribia, maana mchanga hulimika hata baada ya kunyesha. Watakaonung'unika kwamba wamepitwa waonyeshwe leja ya msimu uliopita, kwani deni la mbugani huchelewesha mikopo ya wote. Orodha zipitishwe na Bodi ya chama, zibandikwe ubaoni, na tarehe halisi ya kulima kila shamba iandikwe siku ile ile, si mwisho wa mwezi kwa kukumbukakumbuka. Nitakapokuja kukagua, daftari hilo nitaliomba kabla ya leja.