Kennin-ji, hekalu la Zen ndani ya zogo la Kyoto

Ukishuka treni katika stesheni ya Gion-Shijo na kutokeza barabarani, Kyoto inakupokea kwa zogo. Mabasi yamesheheni, njia za miguu hazipitiki, na kila baada ya hatua chache kuna duka linalouza vitamutamu vya chai ya kijani. Mji huu wa watu wapatao milioni 1.4 ulikuwa makao ya wafalme wa Japani tangu mwaka 794 hadi 1868. Mahekalu yake ya Kibudha yanakaribia 1,600. Shika mtaa wa Hanamikoji kuelekea kusini, uende mpaka mwisho wake, na dakika chache tu utakuwa kwenye kuta za Kennin-ji, hekalu la Zen, mkondo mmoja wa Ubudha, kongwe kuliko yote ya mkondo huo mjini, lililoanzishwa mwaka 1202.

Ndani ya kuta zile kelele zinapungua ghafla. Wageni wengi huueleza utulivu huo kana kwamba umeshuka wenyewe kutoka mbinguni. Mimi nilichokiona ni kazi. Viatu vinavuliwa mlangoni, na miguu mitupu juu ya mbao haina mshindo. Kokoto nyeupe za bustani zimepigwa reki mistari mpaka mtu anaona haya kuzikanyaga, na majani yaliyoanguka yanafagiwa, yakianguka tena yanafagiwa tena. Kufagia huko watawa wanakuhesabu kuwa sehemu ya ibada yao sawasawa na kukaa kimya.

Mwanzilishi wake, mtawa Eisai, alisafiri China mara mbili, akarudi mwaka 1191 na mafundisho ya Zen pamoja na mbegu za chai. Wajapani humpa sifa ya kuieneza chai nchini kwao, naye aliiandikia kitabu kizima akiisifu kama dawa. Watawa waliinywa ili wasisinzie. Jengo la mkuu wa hekalu lililetwa hapo mwaka 1599 kutoka upande wa Hiroshima. Kwenye dari ya ukumbi wa mafundisho kuna madragoni wawili wakubwa waliochorwa na Koizumi Junsaku mwaka 2002, hekalu lilipotimiza miaka 800. Watu huinua shingo kuwatazama. Mimi ningemwambia mgeni asikawie sana chini ya dari ile. Aende akakae kwenye baraza ya mbao inayotazama bustani, maana hapo hakuna anayekuuliza umekuja kufanya nini.

Zazen, yaani kule kukaa kimya kwa watu wa Zen, kuna taratibu zake. Mtu hukunja miguu juu ya mto, akanyoosha mgongo, macho nusu wazi, akafuata pumzi yake. Mtawa hupita polepole na ubao mrefu mwembamba. Aliyezidiwa na usingizi huunganisha viganja, huinama, naye hupigwa mabegani. Muda haupimwi kwa saa. Huwashwa kijiti cha udi, nacho kikiisha kuungua ndiyo kikao kimekwisha, aghalabu kama dakika 40.

Hapo mtu wa Wingwi, kwetu Pemba, atainua pua. Udi wa Kijapani huchanganywa sandali, mdalasini, na karafuu. Katika hazina ya kale ya Shosoin, mji wa Nara, kumehifadhiwa karafuu tangu karne ya 8, yaani miaka elfu moja na zaidi kabla mkarafuu haujapandwa Pemba, na muda mrefu kabla ya kile kimbunga cha 1872 kilichoiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba mbele. Sisi tunaianika kwenye majamvi, tunatenga makonyo, tunapeleka kupimwa, basi. Huko kuna watu wanaoitumia kuhesabia muda.

Na si karafuu tu. Chakula cha watawa hakina nyama wala samaki, wala vitunguu na thomu. Ni maziwa ya maharage ya soya yaliyogandishwa mfano wa jibini laini, mboga, wali, na mchuzi uliotiwa ladha kwa kombu, mwani mpana wa bahari ya baridi ya kaskazini. Kinamama wetu wanaofunga mwani kwenye kamba, kuuanika na kuuza magunia, wangecheka kuuona bakulini. Mwislamu asidhani, hata hivyo, kwamba kukosekana kwa nyama kumemaliza kila swali: wapishi wengi hutia pombe ya mchele kwenye mchuzi. Uliza kabla hujaagiza.

Kulala karibu na hekalu kunawezekana. Nyumba za zamani za mbao, nyembamba kwa mbele na ndefu kwa ndani, nyingi zimegeuzwa za wageni. Sakafu ni mikeka minene, godoro hutandikwa usiku na asubuhi likarudi kabatini, na chooni kuna ndara zake ambazo hazitoki nje ya mlango ule. Katika bafu za pamoja watu huoga uchi, kwa hiyo chagua nyumba yenye bafu la chumbani. Kuta ni nyembamba, jirani akikohoa unamsikia. Ndiyo maana wenyeji wanachukizwa na mabegi ya magurudumu yanayoburutwa usiku. Vichochoro vya binafsi vya Gion vimewekwa mabango ya faini ya yeni 10,000 kwa anayepiga picha, kwa sababu watalii walikuwa wakiwakimbilia wanawake wasanii wa pale kama wanyama wa mbugani. Kodi ya kulala inatozwa tangu Oktoba 2018.

Na kuhusu swala, Wingwi kibla chetu ni kaskazini; Kyoto ni magharibi, ukipinda kidogo kuelekea kaskazini. Anayetaka kuswali Ijumaa katika msikiti mkongwe apande treni mpaka Kobe, mwendo usiofika saa moja na nusu. Msikiti wa huko, wa kwanza Japani, ulifunguliwa mwaka 1935 kwa michango ya wafanyabiashara wa Kihindi na Watatari, na ulibaki umesimama baada ya mabomu ya 1945 na tetemeko la 1995.