Pikipiki ya Mwendo wa Kasi na Jinsi ya Kuifanya Imfae Mpandaji

Pikipiki za kasi, zilizoundwa kwa kufuata mfano wa zile za mashindano, huwapendeza watu wengi kwa umbo lake na kwa nguvu zake. Lakini mtu aliyenunua moja na kusafiri nayo muda wa saa mbili au tatu huona mambo asiyoyatazamia. Vifundo vya mikono humuuma, vidole hufa ganzi, shingo na mabega hukaza, na magoti huwa mazito hata kushuka ni taabu. Wengi huvumilia, wakidhani kwamba maumivu hayo ni sehemu ya bei ya chombo. Wengine huiuza baada ya miezi michache.

Wote hao wamesahau jambo moja. Kiwanda hakikuwapima wanunuzi wake mmoja mmoja kama fundi cherehani apimavyo mtu suti. Kiliunda pikipiki kwa mtu wa kadiri. Mrefu na mfupi, mwembamba na mnene, wote huuziwa chombo kile kile. Kazi ya kukifanya kimfae mwenyewe huanza siku anapokifikisha nyumbani.

Tena jambo hili si la starehe tu. Pikipiki iendayo kilomita 100 kwa saa hupita mita 28 hivi kila sekunde. Mpandaji ambaye vidole vyake vimekufa ganzi, akichelewa nusu sekunde kukamata breki, atakuwa amekwenda mita 14 kabla ya breki kuanza kufanya kazi. Mita hizo zaweza kutosha kumwokoa mtoto anayevuka njia, au kumpoteza.

MKAO HUO ULITOKA WAPI

Mkao wa kuinama ulizaliwa katika mashindano. Katika kisiwa cha Man, kilicho kati ya Uingereza na Ireland, mashindano ya pikipiki yalianza mwaka 1907, na njia ya milimani inayotumiwa huko ina urefu wa kilomita 60 hivi. Washindani waliona kwamba mtu aliyeketi wima ni kama tanga: upepo humzuia na kumrudisha nyuma. Basi wakajifunza kulala juu ya tangi la petroli. Mtaka cha mvunguni huinama, na mtaka kasi naye vivyo hivyo.

Katika miaka ya 1950 na 1960 vijana wa Kiingereza waliupeleka mkao huo katika barabara za kawaida. Wengi wao walikutana katika mikahawa iliyo kando ya barabara kuu, na mmoja uliojulikana sana ni Ace Cafe wa London, uliofunguliwa mwaka 1938. Walikuwa wakiondoa usukani mrefu wa kiwandani na kufunga mikono miwili mifupi, kila mmoja ukibanwa peke yake kwenye nguzo ya foki ya mbele. Vikanyagio nao walivisogeza nyuma na juu. Shabaha yao ilikuwa kufikia maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160.

Baadaye viwanda vyenyewe vilianza kuuza pikipiki zilizokwisha kuundwa hivyo. Suzuki ilitoa GSX-R750 mwaka 1985, na Honda ikatoa CBR900RR mwaka 1992. Tangu hapo mtu yeyote mwenye fedha aweza kununua dukani chombo kinachokaribia sana kile cha mashindano.

SABABU YA MAUMIVU

Katika mwendo mkubwa upepo husukuma kifua cha mpandaji na kubeba sehemu ya uzito wa mwili wake. Mikono hubaki na kazi ndogo tu ya kuongoza. Lakini mwendo ukipungua, upepo ule hutoweka, na uzito wa kifua, mabega na kichwa hushukia vifundo vya mikono. Ndiyo sababu pikipiki ya kasi huumiza zaidi katika msongamano wa mji kuliko katika barabara iliyo wazi. Mpandaji wa Nairobi anayeingia katika foleni ya magari jioni, na kuvuka tuta baada ya tuta, hutumia chombo hicho mahali ambapo mkao wake una faida ndogo kabisa.

Ganzi ya vidole nayo ina maana yake. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vikifa ganzi, mara nyingi ni kwa kuwa mshipa wa fahamu upitao katikati ya kifundo cha mkono umebanwa, kwa mkono kukunjwa mno. Kidole cha mwisho na jirani yake vikifa ganzi, mara nyingi ni mshipa mwingine, upitao upande wa nje wa kiganja, unaogandamizwa na uzito. Mtu ambaye ganzi haimtoki hata baada ya kupumzika siku kadhaa yafaa amwone daktari, wala asitegemee spana peke yake.

MPANDAJI AANZE NA MWILI WAKE

Rekebisho la kwanza halina gharama. Mpandaji abane tangi kwa magoti na mapaja, kisha auache mgongo na misuli ya tumbo ibebe kifua. Viwiko viwe vimekunjika kidogo, visikazwe kama fimbo. Kipimo chake ni rahisi: akiwa katika mwendo wa kadiri na barabara imenyoka, aweze kuvichezesha viwiko juu na chini bila usukani kutikisika. Asipoweza, basi anauegemea usukani.

Jambo hili huonekana zaidi wakati wa kufunga breki, kwa maana hapo mwili wote hutupwa mbele. Asiyebana tangi hujizuia kwa viganja. Vibandiko vya mpira vilivyokwaruzika, vibandikwavyo ubavuni mwa tangi, humsaidia mtu kushika kwa magoti bila kuteleza. Na katika safari ndefu, kusimama kila baada ya saa moja, kushuka na kutembea dakika chache, huzuia maumivu mengi kabla hayajaanza.

Masikio nayo yasisahauliwe. Katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa, mvumo wa upepo ndani ya kofia ya chuma waweza kuzidi desibeli 90. Kelele ya namna hiyo huchosha akili, na kwa miaka mingi huharibu usikivu. Vizibo laini vya masikio vina bei ndogo, na mtu aliyevizoea hufika aendako akiwa na nguvu zaidi. Lakini ahakikishe kwanza kwamba sheria ya mahali anapopita inaviruhusu.

MAREKEBISHO YA SPANA

Nyenzo za breki na klachi hufungwa kiwandani kwa pembe moja kwa watu wote. Mpandaji aketi kama aendeshavyo, afumbe macho, anyooshe vidole. Mkono, kifundo na vidole vifanye mstari mmoja ulionyooka hadi kwenye wenzo. Kama inambidi kuinua au kukunja kifundo ili aufikie, alegeze bolti ya wenzo, auzungushe kidogo, akaze tena. Kwenye pikipiki nyingi pia kuna kigurudumu kidogo cha kusogeza wenzo karibu kwa wenye vidole vifupi. Pedeli ya gia na ya breki zirekebishwe vivyo hivyo, ili mguu usilazimike kupinda isivyo kawaida.

Kisha springi. Pikipiki ya kasi huwa na springi ngumu, lakini mara nyingi ugumu wake hutokana na kutorekebishwa. Upimaji wahitaji watu watatu na tepu. Kwanza gurudumu la nyuma huinuliwa lisiguse chini, na kupimwa urefu kutoka ekseli hadi alama iliyowekwa juu yake kwenye mkia wa pikipiki. Kisha mpandaji hupanda akiwa na mavazi yake yote ya safari, mtu mmoja akishika pikipiki isianguke, na yule wa tatu hupima tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo kiasi ambacho springi imeshuka. Kwa barabara za kawaida, milimita 30 hadi 40 hufaa pikipiki nyingi. Ikishuka chini ya hapo, springi imebanwa mno kwa uzito wake, na kila shimo litampiga mgongoni. Ikizidi, pikipiki itagonga mwisho wa springi. Upande wa mbele hupimwa kwa njia hiyo hiyo.

Shokabsoba nyingi zina skrubu za kuzuia springi isirukeruke. Kabla ya kuigusa skrubu yoyote, mwenyewe ahesabu na kuandika ilipokuwa, ili aweze kuirudisha.

Kuna watu wanaopunguza upepo wa matairi ili safari iwe laini. Huo ni ulaini wa hatari. Tairi lenye upepo mdogo hupata joto jingi, huyumba katika kona na huchakaa upesi. Upepo upimwe tairi likiwa baridi, na ufuate kipimo cha kiwanda.

VITU VYA KUNUNUA

Marekebisho hayo yakikwisha na maumivu yakabaki, ndipo mtu afungue mfuko wake.

Kiti. Watu wengi hutaka sponji laini, lakini sponji laini mno hubonyea mpaka mwili ukagusa ubao ulio chini. Kilicho bora ni kiti kipana kidogo, chenye sponji imara. Tena atazame mteremko wake: kiti kinachoinamia mbele humsukuma mpandaji kwenye tangi na kuongeza uzito juu ya mikono. Hivyo maumivu ya vifundo vya mikono huenda yanatoka kwenye kiti.

Usukani. Ipo mikono mifupi iliyoinuliwa, na vipande vya kuinulia ile iliyopo. Hata sentimita 2 au 3 za kimo, pamoja na kurudi nyuma kidogo, hupunguza uzito unaobebwa na viganja.

Vikanyagio. Vikishushwa, goti hukunjuka kidogo na kupumua. Lakini vikishushwa mno vitagusa lami pikipiki inapolala katika kona, na mtu aweza kuanguka.

Kioo cha mbele. Kioo kirefu hupunguza upepo usoni na kifuani, nacho husaidia shingo. Lakini upepo ule ule ndio uliokuwa ukibeba kifua, na kioo kilichouzuia hurudisha uzito mikononi. Tena kioo kisicho na kimo kinachomfaa mtu huutupa upepo uliovurugika kwenye kofia yake, kelele zikazidi. Yafaa kukijaribu cha mwenzake kabla ya kununua.

Vizito vya ncha za usukani. Vipande hivi vya chuma hupunguza mtetemo wa injini unaofika mikononi. Kwa mtu ambaye ganzi yake hutokana na mtetemo, hivi ni dawa ya bei nafuu.

ONYO JUU YA USUKANI

Anayebadilisha usukani hugusa uhai wake. Waya wa klachi, nyaya za mafuta na mrija wa breki vilikatwa kiwandani kwa kimo cha usukani wa kwanza. Usukani ukiinuliwa vyaweza kuwa vifupi.

Kabla ya kutoka nyumbani, usukani uzungushwe mpaka mwisho wa kushoto, kisha mpaka mwisho wa kulia. Mrija wa breki usivutike wala kukunjika. Mikono ya usukani isibane vidole kwenye tangi. Kisha injini iwashwe gia ikiwa huru, na usukani uzungushwe tena kila upande. Injini ikiongeza mvumo yenyewe, nyaya za mafuta zimevutika. Pikipiki hiyo yaweza kuongeza kasi katikati ya kona bila mpandaji kuiamuru, na isitoke mpaka irekebishwe. Kama mrija wa breki umebadilishwa, mafuta ya breki yatiwe mapya ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko, na hewa yote itolewe. Bolti zote zikazwe kwa spana ya kipimo. Asiye na ujuzi wa kazi hiyo amwachie fundi.

Mwenye bima naye awaarifu wenye kampuni kuhusu mabadiliko hayo. Katika Uingereza, kwa mfano, kampuni yaweza kukataa kulipa kwa ajali ya pikipiki iliyobadilishwa bila kuarifiwa.

MOJA BAADA YA JINGINE

Kosa la wengi ni kubadilisha vitu vinne kwa siku moja. Maumivu yakipungua hawajui ni kipi kilichosaidia, na yakizidi hawajui ni kipi kilichodhuru. Afanyaye vizuri hubadilisha kitu kimoja, husafiri njia ile ile aliyoizoea, huandika katika daftari aliyoyaona, kisha huendelea na kingine. Kwa njia hiyo wengi huona kwamba mkao wao, pembe ya nyenzo na kipimo cha springi vimeondoa sehemu kubwa ya taabu kabla hawajanunua chochote.

Pikipiki ya kasi haitakuwa kamwe kiti cha barazani, na anayetaka kuketi wima safari nzima yafaa achague chombo cha namna nyingine. Lakini aliyeipenda, akairekebisha kwa utaratibu, atafika mwisho wa safari vidole vyake vikiwa na fahamu zote na breki ikiwa tayari mkononi mwake.