Sindano Mpya ya Santuri: Usiijaribu kwa Juma Bhalo

Santuri zimerudi. Nairobi, vijana wa vyuo huzifuata Soko la Kenyatta, ambako James Rugami amejulikana kwa miaka mingi kwa kuuza santuri na kutengeneza vinanda vyake. Hapa Mombasa si ajabu kumkuta mjukuu Kibokoni au Makadara akifungua kasha la babu yake ili ajue mna nini ndani.

Na ndani mna mali. Kampuni ya Assanand and Sons ya mjini humu ilitoa taarabu nyingi za pwani kwa nembo ya Mzuri, na katika waimbaji wake alikuwamo Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014. Nakala uliyo nayo mkononi huenda ikawa moja kati ya chache zilizosalia. Sindano mbaya ikipita juu yake mara kadhaa tu, sauti iliyochongwa pale hukwaruzwa, na ikishakwaruzwa hairudi.

Ndiyo maana wapenzi wa santuri hawaoni haya kutumia fedha nyingi kwa kidude kidogo kuliko kiberiti. Kidude hicho ni katriji, kile kinachokaa mwisho wa mkono wa kinanda na kushikilia sindano. Katika katriji za hali ya juu, ncha ya almasi hubandikwa kwenye kijiti chembamba, na upande wa pili wa kijiti huwa na koili za waya mwembamba kuliko unywele. Almasi ikitikiswa na mfereji wa santuri, koili nazo hutikisika mbele ya sumaku na umeme mdogo sana huzaliwa. Denon DL-103, iliyobuniwa Japani katika miaka ya 1960 kwa ajili ya shirika la utangazaji la NHK, hutoa milivolti 0.3 tu. Katriji ya kawaida hutoa mara kumi zaidi ya hiyo. Kwa hiyo kabla ya kununua, hakikisha amplifaya yako ina mahali pa kupokea umeme mdogo kiasi hicho. Zipo katriji zinazopita dola 10,000. Denon ni rahisi mno ukizilinganisha, na kwa maoni yangu yamtosha mtu mwenye karo za shule za kulipa.

Kazi ya kuifunga huanzia sakafuni. Nyumba nyingi za kale za Mji wa Kale zina ghorofa zilizolazwa juu ya boriti za mikoko. Mtoto akikimbia chumbani, boriti hutikisika na sindano huruka. Usiweke kinanda juu ya meza katikati ya chumba. Kigongomee rafu kwenye ukuta wa mawe, kisha ukisawazishe kwa pima maji, kama fundi mwashi anavyosawazisha tofali.

Nyaya za katriji ni nne: nyeupe na bluu ni za upande wa kushoto, nyekundu na kijani ni za kulia. Zivishe kwa koleo ndogo, tena kifuniko cha sindano kikiwa mahali pake. Asikudanganye mtu kuzichomelea kwa risasi kwenye pini za katriji, kwa maana joto litaharibu koili. Kisha tumia ile karatasi ya mistari ya kupimia, usogeze katriji mbele au nyuma mpaka kijiti kilingane na mistari. Weka kioo kidogo chini ya sindano na utazame kwa mbele: sindano na kivuli chake vikinyooka, imesimama wima, vikivunjika kama kiwiko, imelala upande.

Baada ya hapo ni uzito, na hapa ndipo wengi hupotea. Mtu hudhani sindano ikiwa nyepesi itaihurumia santuri. Kinyume chake! Sindano nyepesi mno hudundadunda mferejini na kuzichonga kuta zake. Denon imepangiwa gramu 2.5, nunua mizani ndogo ya sindano uipe hizo hizo.

Sasa tuje kwenye subira. Kijiti hushikwa na kipande cha mpira ambacho kikiwa kipya huwa kigumu, na sindano huweza kupapatika penye sauti kali, kwa mfano mwimbaji akipaza juu ya fidla. Mpira hulainika kwa kupigwa saa 30 hadi 50. Ukihesabu dakika 20 kwa kila upande wa santuri kubwa, saa 40 ni pande 120. Wapo wanaodai saa 200 na kusimulia jinsi sauti "inavyofunguka" siku hadi siku. Mimi nadhani kinachofunguka wakati huo ni sikio la mwenye kulipa.

Joto letu nalo lina neno. Watengenezaji wengi huzijaribu katriji zao kwenye joto la nyuzi 20 na kitu. Hapa Februari na Machi hupita 30, na mpira hulegea zaidi. Ukiwasha kiyoyozi hukaza tena. Basi pima uzito chumba kikiwa katika hali ile ile unayosikilizia.

Santuri za kale za mizunguko 78, za enzi ya Siti binti Saad aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, zina mfereji mpana. Zinataka ncha ya upana wa kama milimita 0.076, na hii mpya ya kisasa si yake. Wala usizisafishe kwa spiriti, maana huyeyusha ile lakri.

Kwa hizo saa 40 za mwanzo piga santuri ulizonunua kwa bei ya chini, au zile ulizo nazo mbili mbili. Kila baada ya upande mmoja futa vumbi kwenye ncha kwa brashi laini, kutoka nyuma kwenda mbele. Saa zikitimia, rudia mizani na karatasi ya mistari, kwa kuwa mpira ukilainika katriji hushuka kidogo. Kisha ndipo umtoe Bhalo kashani.