Kutoka Kanda hadi Mfereji: Sayansi ya Santuri za Jazi za Miaka ya 1970 Zilizotolewa Upya

Albamu ya jazi ya miaka ya 1970 iliyotolewa upya ni sahani changa yenye sauti kongwe. Muziki wake ulirekodiwa nusu karne iliyopita, lakini plastiki yake, mfereji wake na jalada lake vimetoka kiwandani juzi. Kabla ya kufika chini ya sindano, sauti hiyo hupita kwenye kanda, laka, nikeli na plastiki, na kila inapohama hupoteza kidogo au huokota kelele. Ndiyo maana matoleo mawili ya albamu moja, yenye jalada lilelile, yanaweza kusikika tofauti kabisa. Mkusanyaji anayejua kazi yake huuliza kwanza sahani imetokana na nini, ndipo aulize bei.

Mfano mzuri ni albamu ambayo msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa jina lake: Mwandishi, ya mpiga piano Herbie Hancock. Ilirekodiwa San Francisco mwishoni mwa Desemba 1970 na kutolewa na Warner Bros. mwaka 1971. Ilikuwa enzi ambapo Wamarekani weusi wengi walijitafutia asili yao Afrika, na wanamuziki sita wa bendi ya Hancock walichukua majina ya Kiswahili. Hancock akawa Mwandishi. Mpiga tarumbeta Eddie Henderson, ambaye kweli alisomea udaktari, akawa Mganga. Mpiga ngoma Billy Hart akawa Jabali, mpiga besi Buster Williams Mchezaji, na mpiga tromboni Julian Priester Pepo Mtoto. Bennie Maupin, mpiga saksafoni na klarineti ya besi, akawa “Mwile”, tahajia iliyoteleza ya neno mwili. Bendi hiyo ilifuatisha Crossings mwaka 1972 na Sextant mwaka 1973.

Albamu za namna hii hazikuwa na soko kubwa zilipotoka. Nakala zilizododa zilifutwa kwenye orodha za kampuni na kuuzwa kwa bei ya kutupa, majalada yake yakitobolewa tundu au kukatwa pembe ili yasirudishwe kwa bei kamili. Lebo ndogo zilikuwa na hali ngumu zaidi. Strata-East ilianzishwa New York mwaka 1971 na wanamuziki Charles Tolliver na Stanley Cowell, na utaratibu wake ulimwachia kila mwanamuziki umiliki wa kanda zake. Black Jazz ya Oakland, California, iliyoongozwa na mpiga piano Gene Russell, ilitoa albamu 20 tu kabla ya kufifia katikati ya muongo. Nakala chache za wakati huo sasa huuzwa ghali, na wengi hawawezi kuusikia muziki huo kwenye santuri ila kupitia toleo jipya.

Safari ya toleo jipya huanza kwenye kanda. Kanda ya sumaku ni utepe wa plastiki uliopakwa chembechembe za oksidi ya chuma, zikashikizwa kwa gundi. Sauti huhifadhiwa kwa jinsi chembechembe hizo zilivyoelekezwa na sumaku ya kichwa cha kurekodia. Kwa mwendo wa studio wa sentimita 38 kwa sekunde, kanda yenye urefu wa mita 762 humalizika kwa dakika 33 hivi. Kwa hiyo kila upande wa santuri kwa kawaida hupewa kanda yake.

Udhaifu upo kwenye gundi. Katika miaka ya 1970 watengenezaji kadhaa walianza kutumia gundi ya poliurethani ambayo hunywa unyevu wa hewani. Maji huvunja minyororo ya molekuli zake, badiliko ambalo wanakemia huliita haidrolisisi, na gundi hugeuka kuwa utomvu. Kanda ya namna hiyo ikizungushwa hunata, hulia kama bawaba kavu, na huacha uchafu wa kahawia kwenye vichwa vya mashine. Uchafu huo ndio muziki wenyewe unaobanduka. La ajabu ni kwamba kanda nyingi za miaka ya 1950 na 1960, zilizotumia gundi nyingine, zimedumu vizuri zaidi kuliko hizi zilizozifuata.

Tiba yake ni kuoka. Kanda huwekwa ndani ya tanuri lenye joto la chini lisilobadilika, takriban nyuzi 54 za Selsiasi, kwa saa nane au zaidi kutegemea upana wake. Unyevu hutoka, gundi hukaza kwa muda, na fundi hupata wiki kadhaa za kuinakili kabla haijaanza kunata tena. Kanda za asetati za zamani haziokwi kamwe, kwa sababu joto huzikausha na kuzifanya zivunjike.

Kanda ya asili isipopatikana, fundi hutumia nakala. Kila kanda inaponakiliwa kwenye nyingine, mvumo wa nakala hujumlishwa na mvumo wa kanda mama. Kama kanda hizo mbili zina kelele sawa, jumla hupanda kwa desibeli 3. Tena, nakala zilizotumwa kwenye viwanda vya nchi nyingine mara nyingi zilikuwa zimeshapunguzwa besi na kubanwa vilele vya sauti ili zikatwe kwa urahisi, na toleo jipya lililotokana na nakala hiyo hurithi kasoro zake zote. Baadhi ya kanda hazipo tena. Tarehe 1 Juni 2008 moto uliteketeza ghala lililokuwa na kanda za asili katika eneo la Universal Studios, Hollywood. Kampuni iliyomiliki kanda hizo na waandishi wa habari wamebishana kuhusu ukubwa wa hasara, lakini ghala lenyewe liliungua.

Kutoka kwenye kanda sauti huhamia kwenye laka. Mashine hukata mfereji juu ya sahani ya alumini iliyopakwa laka ya selulosi, kwa patasi ndogo iliyopashwa moto. Kuta mbili za mfereji, kila moja ikiwa imelala nyuzi 45, hubeba sauti ya kushoto na ya kulia. Sauti nzito zikikatwa zilivyo, mfereji ungeyumba hadi kuingilia jirani yake, na sauti nyembamba zingemezwa na mchakacho wa plastiki. Kwa sababu hiyo viwanda vya Marekani vilikubaliana mwaka 1954 kuhusu kipimo kimoja. Ikilinganishwa na sauti ya hezi 1,000, sauti ya hezi 20 hupunguzwa kwa karibu desibeli 20 wakati wa kukata, na ile ya hezi 20,000 hupandishwa kwa kiasi kama hicho. Amplifaya ya msikilizaji hufanya kinyume chake, na sauti hurudi mahali pake.

Hapa jazi ya miaka ya 1970 ina tatizo lake la pekee, nalo ni urefu wa tungo. Upande wa kwanza wa Crossings una utungo mmoja tu, “Sleeping Giant”, wa karibu dakika 25. Kwa mwendo wa mizunguko 33⅓ kwa dakika, sahani huzunguka mara 830 hivi kabla ya utungo kwisha. Sehemu ya kukatia ina upana wa takriban sentimita 8.5, kwa hiyo kila mzunguko hupata kama kumi ya milimita moja. Ili mifereji ikae bila kugusana, fundi hana budi kushusha sauti au kupunguza besi, na sauti ikishushwa mchakacho husikika zaidi. Aidha, karibu na ukingo sindano husafiri kama sentimita 50 kwa sekunde, lakini karibu na lebo ya katikati husafiri kama sentimita 21 tu. Mawimbi ya sauti nyembamba hubanana mle ndani, na matoazi ya mwisho wa upande huweza kukwaruza. Baadhi ya matoleo mapya huigawa albamu kwenye sahani mbili zinazozunguka mara 45 kwa dakika, ili mfereji upate nafasi na mwendo.

Laka iliyokatwa hupuliziwa fedha na kuzamishwa kwenye kimiminika kinachopitishwa umeme mpaka ivae ngozi ya nikeli. Ngozi hiyo ikibanduliwa huitwa baba. Kutoka kwa baba hutengenezwa mama, na kutoka kwa mama mihuri, ambayo hukandamiza plastiki ya moto kuwa santuri. Muhuri huchakaa, hivyo nakala za mwanzo huwa safi kuliko za mwisho. Mnamo Februari 2020 moto uliharibu kiwanda cha Apollo Masters cha Banning, California, na dunia ikabaki na mtengenezaji mmoja mkubwa wa sahani za laka, aliyeko Japani. Viwanda vingine hukata moja kwa moja kwenye sahani ya shaba na kuepuka laka kabisa.

Plastiki nayo ina historia yake. Santuri hutengenezwa kwa vinili, zao la mafuta ya petroli. Mgogoro wa mafuta ulioanza Oktoba 1973 ulipandisha gharama, na baadhi ya viwanda vikakandamiza sahani nyembamba au kuchanganya vinili vilivyosagwa kutoka kwenye sahani kuukuu. Vumbi na vipande vya karatasi za lebo vilivyobaki ndani husikika hadi leo kama mitatariko. Kwa hiyo toleo jipya, likitoka kwenye kanda nzuri na plastiki safi, linaweza kuishinda chapa ya kwanza. Matoleo mengi ya sasa hujinadi kwa uzito wa gramu 180. Uzito husaidia sahani isipinde kirahisi, lakini hauongezi chochote ndani ya mfereji.

Suala linalobishaniwa zaidi ni hatua ya kidijiti. Matoleo mengi hukatwa kutoka kwenye faili iliyonakiliwa kutoka kwenye kanda, kwa kawaida kwa sampuli 96,000 au 192,000 kwa sekunde. Kinadharia sampuli hizo hutosha kubeba sauti zote ambazo sikio la binadamu husikia. Mengine hukatwa kutoka kwenye kanda bila faili yoyote. Mwaka 2022 ilibainika kwamba kampuni moja maarufu ya Marekani ilitumia faili za kidijiti kwa sahani ambazo wanunuzi waliamini hazina hatua hiyo, na nyingi kati yake zilikuwa zimesifiwa mno kwa ubora wa sauti. Wakusanyaji walijifunza kwamba sikio peke yake si shahidi wa kutosha.

Ushahidi mwingine upo juu ya sahani yenyewe. Katika eneo laini kati ya wimbo wa mwisho na lebo huchorwa namba na alama. Herufi BG humtaja fundi Bernie Grundman, KPG ni Kevin Gray, na neno STERLING ni studio ya Sterling Sound. Alama hizo humwambia mnunuzi nani alikata sahani, jambo ambalo jalada linaweza kulinyamazia. Jalada nalo halikosi dalili. Msimbopau ulianza kutumika madukani mwaka 1974, kwa hiyo jalada la albamu ya mwaka 1971 lenye msimbopau ni la baadaye. Herufi P ndani ya duara, ikifuatwa na mwaka, humwonyesha mwenye haki na mwaka wa kutolewa mara ya kwanza.

Haki hiyo ina uzito wa kisheria. Umoja wa Ulaya ulirefusha ulinzi wa rekodi kutoka miaka 50 hadi 70 kuanzia mwaka 2013. Rekodi nyingi za jazi za miaka ya 1950 zilikuwa zimeshatoka kwenye ulinzi, na lebo yoyote barani humo huweza kuzitoa upya, mara nyingi kutoka kwenye CD. Albamu iliyotolewa mwaka 1971 inalindwa huko hadi mwisho wa mwaka 2041. Toleo la Ulaya la albamu hiyo lisilotaja mwenye haki wala leseni yake huenda ni la wizi, na kwa kawaida chanzo chake cha sauti hakijulikani.

Baada ya kununuliwa, sahani hudumu kwa utunzaji rahisi. Husimamishwa wima kama vitabu, kwa sababu zikilazwa moja juu ya nyingine uzito huzipinda. Huepushwa na jua, maana vinili hulainika kwa joto ambalo gari lililofungwa mchana hulifikia. Mahali penye unyevu mwingi, kama pwani ya Afrika Mashariki, majalada ya karatasi huota ukungu upesi, na mifuko ya plastiki isiyobana huyakinga bila kufungia unyevu ndani. Sindano husafishwa, na ikichakaa hubadilishwa, kwani sindano iliyolika hukwangua kuta za mfereji kila inapopita, na mfereji uliokwanguliwa haurekebishiki.